Meza ya Pool Same: Spoti au Burudani ya Baa?

Mtumishi wa shirika la umma akienda kwenye mashindano ya SHIMMUTA kwa gharama za mwajiri wake, akashika fimbo na kuzamisha mpira mweusi, hurudi ofisini na kikombe na kupongezwa na wakubwa wake. Kijana wa bodaboda mjini Same akizamisha mpira kama huo saa nne asubuhi, karibu na stendi, huku akisubiri basi la kutoka Dar es Salaam lishushe abiria, huitwa mzembe. Kanuni za mezani ni zilezile na mashimo ni sita yaleyale. Ndiyo maana swali la kama pool ni spoti au ni burudani tu ya kupitishia muda halipaswi kuachiwa wabishi wa kijiweni. Ndani yake kuna polisi, kuna bajeti ya halmashauri, na kuna watoto wa watu.

Kwa spoti nakusudia ushindani wenye kanuni, mazoezi, chama na bingwa anayetambulika. Kwa burudani nakusudia kile ambacho watu hufanya wakipumzika, ambacho hakuna mwenye haja ya kukiwekea kumbukumbu. Msimamo wangu nautoa mapema: kinachofanyika juu ya meza ni spoti. Kinachoizunguka meza, kwa jinsi tulivyozoea Same na katika miji mingi ya Tanzania, ndicho kinachoishusha hadhi, na hicho kinaweza kubadilishwa.

Tuanze na Serikali, kwa kuwa ndiyo yenye kauli mbili. Mwaka 2016 Rais John Magufuli aliwataka wakuu wa mikoa wahakikishe vijana wanafanya kazi, akawataja wanaoshinda kwenye pool asubuhi wakati wenzao wako shambani. Baada ya hapo amri za kuzuia pool saa za kazi zikasikika katika wilaya nyingi. Nyuma ya amri hizo kuna Kanuni ya Adhabu, ambayo katika kifungu cha 176 inawahesabu kuwa wazembe, pamoja na wengine, watu wanaocheza michezo ya bahati kwa fedha hadharani. Upande wa pili, watumishi wa wizara na idara hushindana kila mwaka kwenye SHIMIWI, na katika orodha ya michezo yao, pamoja na soka, netiboli na kuvuta kamba, kuna bao, drafti, karata na vishale. Sina ugomvi na bao wala karata. Lakini kama karata inampa mtumishi ruhusa ya kusafiri na medali shingoni, basi uamuzi wa nini ni spoti katika nchi yetu haujafuata kipimo kimoja. Umefuata nani anacheza na anachezea wapi.

Kipimo kimoja kipo, na si kigumu kukielewa. SportAccord, umoja uliokuwa ukiyaunganisha mashirikisho ya michezo ya kimataifa, uliweka masharti ambayo kwa lugha ya kawaida yanasema hivi: lazima kuwe na ushindani, mchezo usijengwe juu ya bahati iliyopandikizwa makusudi, usiwatie wachezaji katika hatari isiyo na sababu, usidhuru kiumbe hai, na usitegemee vifaa vya mtengenezaji mmoja tu. Hakuna sharti la kutoka jasho. Umoja huo uliigawa michezo katika mafungu, likiwemo la nguvu za mwili, la akili, la mashine, la wanyama na la uratibu wa jicho na mkono. Biliadi, familia ambamo pool imo, ilitajwa kuwa mfano wa fungu hilo la mwisho.

Kwa msingi huo dunia imeshafika mbali. Shirikisho la dunia la michezo ya biliadi, WCBS, lilianzishwa mwaka 1992 likiunganisha pool, snuka na karomu (biliadi isiyo na mashimo), na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ikalitambua mwaka 1998. Mwaka huohuo biliadi ilichezwa kwa mara ya kwanza katika Michezo ya Asia mjini Bangkok, na mwaka 2001 ikaingia kwenye Michezo ya Dunia huko Akita, Japani. Olimpiki yenyewe haijaipokea. Iliomba nafasi Paris 2024, na waandaaji wakachagua dansi ya breki, kupanda kuta, ubao wa magurudumu na kuteleza kwenye mawimbi. Kukosa Olimpiki hakuthibitishi chochote kibaya, maana hata kriketi ilikaa nje ya Olimpiki zaidi ya miaka 100.

Hoja inayorudiwa zaidi dhidi ya pool ni kwamba mwili haufanyi kazi. Mwenye kusema hivyo asogee karibu na meza atazame mkono wa kushoto wa mchezaji mzuri. Vidole vimetanuliwa juu ya kitambaa, kidole gumba kimeinuka na kutengeneza mfereji mdogo ambamo fimbo inapita. Mguu wa nyuma umenyooka, wa mbele umepinda kidogo, kidevu kiko juu kidogo tu ya fimbo. Mkono wa kulia unaning'inia kutoka kwenye kiwiko, na kuanzia kiwiko kwenda juu hakuna kinachotikisika. Anapima mara mbili tatu, kisha anapiga. Akiugonga mpira mweupe chini ya kitovu chake, utaugusa mwenzake na kurudi nyuma. Akiugonga juu, utaufuata. Akiugonga katikati kwa nguvu inayostahili, utaachana na mwenzake kwa pembe inayokaribia digrii 90. Haya yote ayapange kabla, kwa sababu kuzamisha mpira mmoja ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuuacha mweupe mahali ambapo mpira unaofuata utakuwa rahisi. Kuna mipira saba myekundu, saba ya njano na mmoja mweusi. Mchezaji wa kweli huanza na picha ya yote saba ya rangi yake pamoja na ule mweusi, akihesabu kutoka mwisho kurudi mwanzo.

Kwamba mwili umo ndani kuna ushahidi ambao wengi hawaujui. Shirika la dunia la kupambana na dawa za kusisimua misuli, WADA, linakataza dawa za jamii ya beta blocker katika michezo michache tu, na biliadi ni mmoja wao, sambamba na kulenga shabaha kwa bunduki na mishale. Dawa hizo ni za wagonjwa wa moyo na shinikizo la damu: hupunguza mapigo na kutuliza mtetemeko wa mikono. Hakuna mtu angehangaika kuzipiga marufuku kwenye mchezo ambao mikono haina kazi. Mkanada Bill Werbeniuk, mchezaji mashuhuri wa snuka wa miaka ya 1970 na 1980, alikuwa na ugonjwa wa kutetemeka mikono. Alikuwa akinywa bia nyingi kabla na wakati wa mechi ili mkono utulie, na baadaye akatumia dawa ya namna hiyo mpaka kanuni zikamfungia njia. Kisa chake kinahuzunisha, na kinatosha kuonyesha kwamba mkono uliotulia ndio mtaji wa mchezo huu, kama mapafu yalivyo mtaji wa mkimbiaji.

Wapo watakaoniletea hukumu ya Mahakama ya Haki ya Ulaya ya Oktoba 2017, iliyoamua kwamba mchezo wa karata wa briji, uliokuwa ukidai msamaha wa kodi nchini Uingereza, si spoti kwa kuwa sehemu yake ya mwili ni ndogo mno. Mimi naiona hukumu hiyo inaisaidia pool. Kwenye briji unaweza kumwagiza mtu akuwekee karata mezani na matokeo yasibadilike. Kwenye pool huwezi kumwagiza mtu akupigie mpira.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo nadhani ndilo zito kuliko yote kwa Same: bahati. Mji wa Same uko upande mkavu wa milima ya Upare, chini kwenye tambarare inayoelekea Mkomazi. Milimani kule Chome na Vudee kuna ukungu na migomba. Mjini kuna jua, upepo na vumbi. Meza zetu nyingi hukaa chini ya kibanda cha mabati kisicho na ukuta, au barazani. Vumbi linaingia kwenye kitambaa, kitambaa kinakuwa kizito upande mmoja na chepesi upande mwingine. Sakafu haiko sawa, kwa hiyo chini ya mguu mmoja wa meza kuna kipande cha ubao au boksi lililokunjwa. Mpira ukipigwa taratibu kuelekea shimo la kona, karibu na mwisho unajikunja wenyewe na kuondoka. Fimbo imepinda, ncha yake ya ngozi imekwisha, chaki ni kipande kimoja kinachogombewa na wote. Wenyeji wa meza hiyo wanaujua mwelekeo wake na wanautumia, mgeni anaumia.

Meza ya namna hiyo inapunguza thamani ya ujuzi na kuongeza nafasi ya bahati. Ndiyo kusema tunaweza kuwa na mchezo uleule ambao kwenye meza iliyopimwa kwa pimamaji ni spoti, na kwenye meza iliyoinama unaelekea kuwa bahati nasibu. Mtu wa halmashauri anayeuita kamari anaweza kuwa amekosea kuhusu pool lakini akawa hajakosea sana kuhusu meza aliyoiona.

Tena kuna urefu wa mechi. Kijiweni mchezo mmoja ndio mechi: sarafu imeingia, mipira imeshuka, dakika kumi mtu ameshinda. Chukua mchezaji ambaye ni bora kuliko mwenzake kiasi cha kushinda michezo 60 katika kila 100. Wakicheza mmoja tu, yule dhaifu ana nafasi 40 katika 100 za kuondoka na ushindi. Wakicheza kutafuta wa kwanza kufikisha michezo mitano, nafasi ya yule bora hupanda hadi karibu 73. Wakitafuta wa kwanza kufikisha tisa, hufika kama 80. Ndiyo sababu mashindano yenye heshima huwa marefu, ili bahati ichoke na ujuzi ubaki. Sarafu inayolipia mchezo mmojammoja inafanya kinyume chake.

Hata hivyo, hata katika hali hiyo mbovu ujuzi unajitokeza. Desturi ya meza nyingi ni kwamba mshindi anabaki, na anayeingia ndiye anayetia sarafu. Katika kila meza ya mji kuna mmoja au wawili ambao wakishaingia, hawatoki mpaka waamue wenyewe kwenda kula. Watu wote pale wanawajua, na wanajua pia nani anaweza kuwasumbua. Bahati nasibu haina mtu wa namna hiyo. Hakuna anayeshinda bahati nasibu kuanzia asubuhi hadi jioni, wiki baada ya wiki. Kwangu mimi, uthabiti huo wa mshindi una uzito kuliko tangazo lolote la Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki.

Tukija kwenye fedha, hapa lazima niseme bila kuficha. Dau lipo. Linaanza na soda, linafika kwenye noti, na anayeumia zaidi ni dogo anayejifunza, ambaye anakutana na mtu anayejifanya hajui ili ampandishe dau. Mama anayesubiri hela ya unga nyumbani hana sababu ya kusikiliza habari za WCBS, na malalamiko yake ni ya haki. Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003 iliunda bodi ya kusimamia kamari zenye leseni, lakini dau la kijiweni halina leseni ya mtu wala mlinzi wa anayenyang'anywa.

Ila dau halitoshi kuuondolea mchezo hadhi yake. Mwaka 2017 kampuni ya kubashiri ya SportPesa iliwadhamini Simba na Yanga kwa pamoja. Mikeka ya soka inachanwa kila Jumapili katika vibanda vya Same kama inavyochanwa Kariakoo, na hakuna aliyesimama kusema soka si spoti. Bia nayo ni hivyohivyo. Kilimanjaro Premium Lager ilikuwa kifuani mwa Simba na Yanga kwa wakati mmoja, na jina lake likabebwa na mbio za marathoni zinazokimbiwa Moshi kila mwaka. Kama fedha za bia haziwageuzi wakimbiaji kuwa walevi, haziwezi kuwageuza wacheza pool peke yao.

Tofauti ya kweli ni kwamba mkimbiaji hakimbii ndani ya baa. Pool yetu inachezwa humo, na hapa ndipo naona hasara kubwa kuliko ya fedha. Same ni mji wa watu wa dini. Ni makao ya Dayosisi ya Pare ya KKKT na ya Jimbo Katoliki la Same. Waislamu ni wengi. Na Waadventista, ambao wamisionari wao walifika Upare Kusini mwaka 1903, wana mizizi mirefu kuanzia Mamba hadi Suji. Katika familia nyingi za hapa, kumwona kijana amesimama mlangoni mwa baa kunatosha kuitisha kikao cha wajomba. Kwa hiyo meza ikiwa ndani ya baa, imeshawakataa wengi kabla hawajaigusa: msichana anayejiheshimu, mwanafunzi, mwana wa mzee wa kanisa, kijana wa madrasa. Mchezo unaowafungia nje watu hawa wote hauwezi kujua bingwa wake ni nani. Pengine mwenye mkono uliotulia kuliko wote wilayani yuko Kisiwani au Gonja, na hajawahi kushika fimbo.

Ufilipino inatuonyesha njia. Efren Reyes alikulia katika ukumbi wa pool wa ndugu yake mjini Manila, akijifunza kwa kusimama juu ya makreti ya soda kwa kuwa meza ilimzidi kimo. Alicheza kwa dau tangu utotoni, kama wengi wa vijiwe vyetu. Lakini nchini mwake kulikuwa na ngazi ya kutoka kwenye dau hadi kwenye mashindano, na mwaka 1999 akawa bingwa wa dunia wa pool ya mipira tisa, na serikali yake ikamtunuku nishani. Karibu zaidi na sisi, Uganda imeujengea mchezo huu ligi ya taifa, na wanawake wake wanafahamika kwa majina: Rashida Mutesi na Rukia Nayiga hawahitaji kutambulishwa kwa mpenzi wa pool wa Kampala.

Tanzania nayo haikuanzia sifuri. Tunacho Chama cha Pool Tanzania, TAPA, na kwa miaka kadhaa bia ya Safari Lager ya kampuni ya TBL ilidhamini mashindano ya taifa yaliyoanzia mikoani, Kilimanjaro ukiwamo, hadi fainali. Mfumo ule ulikuwa na refa, makundi, zawadi na jina la klabu kifuani. Udhaifu wake ulikuwa kwamba mkoa ulimaanisha makao makuu ya mkoa. Kwa Kilimanjaro hayo ni Moshi, zaidi ya kilomita 100 kutoka Same, na bodaboda hawezi kuacha pikipiki ya tajiri kwa siku mbili kwenda kucheza mechi ya mchujo. Mchezo ukabaki na kilele bila shina, na kila kitu kikategemea bajeti ya matangazo ya kampuni moja.

Shina linaweza kupandwa hapa, na gharama yake si kubwa. Mwanga, Same, Makanya na Hedaru ziko kwenye barabara moja ya lami, na Kosta na Noah zinapita kutwa. Ligi ya miji hiyo minne, timu za wachezaji watano, mechi za Jumapili mchana, kwa mtindo wa kwanza kufikisha tano, inahitaji meza moja nzuri kila mji na mtu mmoja anayezijua kanuni. Sheria ya Baraza la Michezo la Taifa Namba 12 ya mwaka 1967, na marekebisho yake ya 1971, ndiyo inayotawala usajili wa vyama na vilabu vya michezo, na hakuna haja ya kuunda utaratibu mpya. Klabu ikishasajiliwa, askari anayekuta vijana wanafanya mazoezi atakuwa na la kuuliza zaidi ya saa: cheti kiko wapi, daftari la wanachama liko wapi, dau lipo au halipo. Maswali hayo ni ya haki na yana majibu.

Katazo la kucheza saa za kazi silipingi moja kwa moja. Nalipinga linapolenga mchezo badala ya uvivu. Kijana anayesubiri basi la saa sita hajaiba muda wa taifa, na mtu mzima anayekaa kijiweni kutwa bila kugusa fimbo hajafanya kazi kwa sababu tu hachezi. Kama saa ni tatizo, itungwe kanuni ya saa inayohusu kila burudani. Kama dau ni tatizo, ashikwe mwenye dau.

Kwa hiyo nawaomba wawili. Halmashauri ya Wilaya ya Same, kupitia afisa michezo wake, itafute ukumbi mmoja usiouza pombe, iweke meza moja iliyosawazishwa, ibandike kanuni za TAPA ukutani, na kuanzia saa kumi alasiri iruhusu wasichana na wavulana waingie bila kiingilio. Na ninyi mnaobaki mezani mpaka jioni, mnaojulikana na kila mtu pale stendi: andikeni katiba ya klabu, chagueni katibu, mwende kujiandikisha. Pool ni spoti, na ninyi ndio mnaoweza kuithibitisha hapa Same kabla ya mtu mwingine yeyote.